Hadithi Aliyosingiziwa Tutu

Kila asubuhi kabla ya basi la shule kufika, Nohea alikuwa na kazi moja: kuondoa miba. Tutu Kahiwa, bibi yake, alikuwa msusi wa mikeka na kofia, na majani ya mkadi hayasukwi mpaka miba ya kingoni iondolewe, jani moja baada ya jingine. Nohea aliketi barazani na kisu kidogo mkononi, huku Tutu akimwandalia kifungua kinywa: bakuli la rojo ya magimbi, samaki mkavu na chai ya maziwa.

"Taratibu, usinyonyoe kama unanyonyoa kuku," Tutu alimwambia. "Jani likichanika pembeni, kofia nzima imeharibika."

"Haya, Tutu."

Tutu alikuwa akisema Kihawaii. Walipokuwa wawili tu, hakusema lugha nyingine. Nohea alielewa kila neno, ila alijibu kwa Kiingereza. Mambo yalikuwa hivyo tangu darasa la tatu, siku wenzake walipomsikia Tutu akimwita kutoka lango la shule, wakamwiga sauti yake wiki nzima. Tangu siku ile Nohea alimwomba bibi yake amsubiri kule barabarani, si langoni. Tutu hakuuliza sababu. Alianza kusubiri barabarani.

Nohea alikuwa na miaka kumi na miwili. Baba na mama yake walifanya kazi katika mji wa Hilo, naye aliishi Puna kwa Tutu, kwa kuwa mjukuu wa kwanza kwao ni mtoto wa bibi. Huo ulikuwa mwaka ambao lava ya mlimani ilishuka hadi pwani, ikakata barabara ya lami na kuacha ukuta wa mawe meusi mahali ambapo basi lilikuwa likipita.

Siku moja Mwalimu Ueda, aliyewafundisha sayansi, aliingia darasani bila chaki wala ramani.

"Leo sitaki mniambie maana ya neno," alisema. "Nataka ukoo wake. Maneno ya sayansi hayakuanguka kutoka mbinguni. Yana wazazi na mababu kama nyinyi. 'Atomu' limezaliwa kwa Wagiriki. Kwao ni kitu kisichokatika. 'Aljebra' limetoka kwa Waarabu. Kila mmoja achague neno moja nyuma ya kitabu, aniletee habari za kwao. Nawapa wiki mbili. Na chini kabisa mwandike mmezipata kwa nani. Kama ni kitabu, jina la kitabu. Kama ni mtu, jina la mtu. Neno lisilo na shahidi ni umbeya."

Nohea alifungua kurasa za mwisho za kitabu, macho yake yakaangukia neno la kwanza kabisa. Lilikuwa na herufi mbili tu: aa. Kitabu kilisema ni lava iliyoganda ikiwa na uso wa mawe makali yaliyochongoka, na kwamba neno lenyewe ni la Kihawaii. Basi. Nohea alifikiri kwamba neno fupi litakuwa na ukoo mfupi.

"Mwalimu, nachukua 'aa'," alisema.

"Umechagua neno au umeumwa na nyuki?" akauliza Wendell Agbayani kutoka nyuma, darasa likaangua kicheko. Wendell alikuwa hodari wa mizaha, na hakuna aliyependa kuwa upande wa pili wa mizaha yake.

Jioni ile Nohea alimtajia Tutu kazi hiyo kwa kupitia tu, akitafuta viatu vyake vya mpira wa wavu.

Tutu aliweka chini ukili aliokuwa akisuka. "Shuleni? Wanataka neno letu shuleni?"

"Ni kazi ya nyumbani tu, Tutu."

"Kaa basi nikwambie. Neno hilo nimelisikia kwa bibi yangu mwenyewe, nikiwa mdogo kuliko wewe."

"Kesho, Tutu. Wenzangu wananisubiri."

Kesho ikazaa kesho nyingine. Jumamosi Tutu alifagia baraza, akatandika mkeka mpya, akaweka penseli na karatasi katikati. Nohea alipita na taulo begani, akielekea kuogelea. Aliporudi jioni, penseli na karatasi vilikuwa pale pale, na kijiwe juu yake ili upepo usivipeperushe. Tutu hakumgombeza. Alimwuliza tu kama maji yalikuwa ya baridi.

Wiki mbili zikaisha hivyo hivyo. Asubuhi ya kuwasilisha kazi, Nohea alikuwa ndani ya basi alipokumbuka kwamba hajaandika hata mstari. Basi lilipokaribia mahali lava ilipokata barabara, alimwona Anko Manu ameshafungua meza yake ya njugu za kuchemsha. Watoto wote wa Puna walimjua Anko Manu, na wote walijua alivyokuwa akiwachekesha watalii. Wageni wakimwuliza kwa nini mawe yale yanaitwa aa, yeye huvua ndala, hupandisha mguu mmoja na kusema: "Mtu wa kwanza aliyeyakanyaga pekupeku alilia, 'A! A!' Basi jina likabaki." Wageni hucheka na kununua njugu, naye huwakonyeza watoto.

Nohea alichomoa daftari, akaandika juu ya magoti yake. Aliandika upesi, maana uongo hauhitaji kufikiri sana. Mtu wa kwanza akamgeuza kuwa babu wa babu wa Tutu. Akamwongezea mzigo wa samaki begani na mbwa aliyekuwa akimfukuza. Alipofika chini kabisa, pale pa kutaja shahidi, kalamu ilisita. Asingeweza kumtaja Anko Manu, mtu wa kukonyeza macho. Kisha akaandika: Nimesimuliwa na Tutu wangu, Bi Kahiwa Kaawa, aliyezaliwa na kukua katika lugha ya Kihawaii.

Darasani hakusoma tu, aliigiza. Alirukaruka kwa mguu mmoja mbele ya ubao, na alipofika kwenye maneno ya babu alikunja mgongo, akatoa sauti ya Tutu, ile ile ambayo wenzake walikuwa wakiiiga zamani. Darasa zima lilivunjika mbavu. Hata Wendell aligonga dawati kwa kucheka. Mwalimu Ueda alivua miwani kufuta machozi.

"Alama zote!" alisema. "Wenzako wamenakili vitabu, wewe umekwenda kwa mtu anayeijua lugha yenyewe. Shahidi kama huyu hapatikani maktabani."

Nohea alirudi kwenye kiti uso ukimwaka. Siku hiyo alidhani ni furaha.

Baada ya siku tatu, Tutu alipokea barua kutoka shuleni. Aliisoma mezani, akaisoma tena, kidole kikifuata mistari.

"Wananialika Siku ya Sayansi," alisema polepole. "Niwe mgeni wa heshima. Wanasema hadithi yangu kuhusu neno aa imewafurahisha watu wote. Hadithi gani hiyo, Nohea?"

Nohea alijifanya anatafuta kitu kabatini. "Ile ya mawe. Uliniambia zamani."

"Labda. Mimi nasema mengi." Tutu alitabasamu, akaikunja barua vizuri. "Unajua mara ya mwisho kuingia darasani nilikuwa na miaka mingapi? Kumi na mmoja. Niliomba penseli kwa mwenzangu, nikaomba kwa lugha yetu. Mwalimu akaniita mbele, akanipiga rula viganjani, hapa na hapa. Akasema lugha hii haitanifikisha popote. Kesho yake sikurudi, wala kesho kutwa. Sikurudi tena." Alivitazama viganja vyake kana kwamba ni vya mtu mwingine. "Sasa wananiandikia barua niende nikaiseme."

Nohea hakula jioni ile. Alisema kichwa kinamuuma.

Tangu siku hiyo nyumba ilibadilika. Tutu aliweka kando kofia za wateja, akaanza kusuka moja ya kwake mwenyewe, nyembamba na laini kama kitambaa. Akiwa anasuka alijisemea chini kwa chini kile atakachosema, akirudia na kurekebisha kama mtoto anayejiandaa kwa mtihani. Siku moja Nohea alishindwa kuendelea kumsikiliza. Akajaribu kumzuia bila kukiri kosa.

"Tutu, si lazima uende. Jua kali, utachoka."

"Miaka yote nimekusubiri kule barabarani sikuchoka," Tutu akajibu bila kuinua macho, "nitachokea hizo hatua hamsini za kuingia ndani?"

Kumbe alijua kwa nini hakutakiwa langoni. Muda wote alijua. Nohea alitamani ardhi ipasuke immeze.

Kesho yake alikwenda mpaka mlango wa Mwalimu Ueda, maneno yakiwa tayari mdomoni. "Mwalimu, ile hadithi..."

"Ingia uone!" Mwalimu alisema kwa furaha, akamwinulia rundo la vipeperushi. Hadithi yote ilikuwa imechapwa humo, na juu yake mchoro wa babu akiruka kwa mguu mmoja. Chini, kwa herufi nene: Kama alivyosimulia Bi Kahiwa Kaawa. "Nakala mia mbili. Ulikuwa unasemaje?"

"Nilikuwa... nilitaka kuuliza tutaanza saa ngapi."

Siku ya Sayansi, Tutu alivaa gauni lake pana la buluu lililofika vifundoni, kofia mpya kichwani na koja la maua shingoni. Alitembea wima. Alipovuka lango la shule alisimama kidogo, akavuta pumzi, kisha akaingia.

Watoto uwanjani walimwona na kumtambua. Walimkimbilia kwa shangwe, Wendell akiwa mbele, wote wakirukaruka kwa mguu mmoja.

"Karibu, Tutu! A! A! Karibu, Tutu! A! A!"

Tutu alitazama miguu yao kwa wasiwasi. "Masikini," alimnong'oneza Nohea. "Watoto hawa wamekanyaga nini?"

Nohea alimshika mkono, akamvuta kuelekea ukumbini.

Mlangoni pa ukumbi, msichana mmoja alimpa Tutu kipeperushi. Walipoketi mstari wa mbele, Tutu alitoa miwani mkobani akaanza kusoma. Nohea alikitazama kile kidole kikienda na mstari na kurudi, kikienda na kurudi. Kilipita kwenye mbwa. Kilipita kwenye samaki. Kilifika chini kabisa, kwenye jina lake, kikasimama. Kilisimama hapo kwa muda mrefu.

Tutu alivua miwani. Akakikunja kipeperushi mara mbili, mara nne, akakiweka ndani ya mkoba na kuufunga. Hakumtazama Nohea hata kidogo. Ingekuwa heri angemzaba kofi.

Mwalimu Ueda alikaribisha wazazi, kisha akamtambulisha Daktari Prentiss, mwanamke mrefu mwenye viatu vilivyochakazwa na mawe, ambaye kazi yake ilikuwa kupima mlima na lava yake. Halafu akasema, "Na sasa, yule mliyekuja kumsikia. Bi Kahiwa Kaawa!"

Ukumbi ulipiga makofi. Tutu alisimama, akaenda mbele, akageuka. Midomo ilifunguka, ikafumba. Nohea alijua yale maneno yote Tutu aliyoyafanyia mazoezi. Aliyasikia kila jioni. Halikutoka hata moja.

"Asanteni kwa kunialika," Tutu alisema mwishowe, kwa Kiingereza. "Nilikuja nikiwa na la kusema. Lakini naona limeshasemwa. Leo nitasikiliza."

Akarudi kuketi. Watu wakapiga makofi tena, wakidhani ni unyenyekevu wa wazee. Nohea peke yake aliona bibi yake alivyovificha viganja chini ya mkoba.

Hapo Daktari Prentiss alisimama na daftari lake dogo. "Samahani, Bibi. Hii hadithi nimeshaisikia kwa wauza njugu, nikaona ni mzaha wa kuchekeshea wageni. Lakini kama ilitokea kwenu, katika ukoo wenu, hilo ni jambo jingine. Ukiniruhusu nitaiandika kwa jina lako, ili wanaokuja baadaye waijue. Ni kweli alikuwa babu wa babu yako?"

Tutu alitazama dirishani. Nohea alielewa kilichokuwa kikimsumbua: akisema ndiyo, amedanganya, akisema hapana, amemwaibisha mjukuu wake mbele ya watu mia mbili. Tutu alinyamaza, na kila alivyozidi kunyamaza, ndivyo kalamu ya yule daktari ilivyozidi kungoja juu ya karatasi.

"Usiandike!"

Nohea alishtuka kugundua kwamba sauti ile ilikuwa yake. Alikuwa amesimama.

"Usiandike. Si hadithi yake. Hajawahi kuisema. Nimeitoa kwa Anko Manu wa njugu, halafu nikaandika jina la Tutu."

"Nohea?" Mwalimu Ueda alisema.

"Mwongo, kumbe!" mtu alisema nyuma, na minong'ono ikaanza kupanda kama maji. Mwalimu aliinua mkono, kukawa kimya.

"Kwa nini hukumwuliza bibi yako?" Mwalimu aliuliza. "Unaishi naye nyumba moja."

Hilo ndilo lililokuwa gumu kuliko yote. Nohea angeweza kusema alisahau, na kila mtu angemwelewa. Lakini alikuwa ameshachoka kubeba.

"Alitaka kuniambia. Alinitandikia mkeka. Mimi nilikuwa naona aibu." Machozi yalianza kumtoka, akayaacha. "Nilionea aibu lugha yake. Na nilipoiga sauti yake darasani nyote mlicheka, nami nikafurahi."

Hakuna aliyecheka sasa. Wendell alikuwa akitazama viatu vyake.

Tutu alinyanyuka polepole. Nohea alidhani anatoka nje, aondoke, na kwa kweli asingemlaumu. Lakini Tutu alikwenda mbele, akasimama pale pale aliposimama mwanzo, akasema kwa Kihawaii, kwa sauti iliyofika nyuma ya ukumbi:

"Nohea. Njoo hapa. Mimi nitasema, wewe utawaambia nilichosema. Usiongeze wala usipunguze."

Nohea alifuta uso kwa mkono wa gauni, akaenda. Ukumbi mzima ulimtazama macho yalivyovimba.

Tutu alisema, naye akafuata nyuma kwa Kiingereza, sentensi kwa sentensi. "Neno hili lilisemwa kwetu kabla ya kitabu chochote. Herufi ni mbili, lakini zina pumzi katikati. Unakata pumzi, kisha unavuta mwisho." Tutu alilitamka, na kwa mara ya kwanza Nohea alilisikia sawasawa. "Bibi yangu alilitumia kwa mambo mawili. Mawe makali yale. Na kuwaka: moto unaowaka, kaa linalong'aa, hata macho ya mtu mwenye..."

Hapo Nohea alikwama. Neno lililofuata alilijua vizuri, ila sauti haikutoka. Tutu alimsubiri. Ukumbi wote ukasubiri.

"...macho ya mtu mwenye hasira," Nohea alimalizia.

"Bibi yangu alisema mto wa moto huwaka ukishuka mlimani, na ukipoa jina hubaki kwenye mawe. Hivyo ndivyo nilivyosikia kwake. Kama kweli neno lilizaliwa hivyo, sijui. Sikuwepo."

Watu walicheka, lakini kicheko hiki kilikuwa cha namna nyingine. Tutu naye alitabasamu kidogo.

Daktari Prentiss alikuwa akiandika mbio. "Mimi nimelisema neno hili miaka ishirini," alisema, "na nimelisema vibaya. Zaidi ya miaka mia moja iliyopita, wataalamu waliokuja kuchunguza milima hii walilisikia kwa wenyeji, wakaliandika kwenye ripoti zao za Kiingereza. Hawakuwa na neno bora zaidi. Leo ukienda Italia, ukienda Aisilandi, ukienda Afrika kwenye milima inayotema moto, wataalamu wanasema aa. Ila hakuna aliyeniambia kwamba neno lenyewe linawaka. Bibi, naomba ulirudie."

Tutu alilirudia, na ukumbi mzima ukalijaribu: wazazi, walimu na watoto. Wengi walikosea. Tutu aliwarudisha mara tatu, kwa ukali wa mwalimu.

Shughuli ilipokwisha, Mwalimu Ueda alimwita Nohea pembeni, akiwa na kitabu cha alama.

"Alama zako nimezifuta. Utaandika upya, na utaandika vizuri," alisema. Kisha akamgeukia Tutu, akainamisha kichwa. "Mama, na mimi nina kosa langu. Niliwafundisha watoto watafute shahidi, nami nikachapa nakala mia mbili bila kumwuliza shahidi mwenyewe. Nilicheka, nikasahau kuuliza. Nisamehe."

"Kicheko hulevya," Tutu alisema. "Yamepita."

"Vile vipeperushi lazima virudi vyote," Mwalimu alimwambia Nohea.

Nohea alivikusanya mwenyewe. Alikwenda kwa kila mtu, mmoja baada ya mwingine, akisema, "Samahani, naomba hiyo karatasi, nimeandika uongo." Wengine walimpa bila neno. Mzee mmoja alimwambia, "Pole, mwanangu." Mama mmoja alimkazia macho mpaka akainama. Alipomfikia Wendell, alijikaza kungoja mzaha. Wendell alimpa vipeperushi viwili na kile cha mdogo wake.

"Mwambie Tutu anisamehe kwa kule kurukaruka," alisema chini chini. "Sikujua."

"Wewe hukujua," Nohea alijibu. "Mimi nilijua."

Njiani kurudi nyumbani Tutu alitangulia. Nohea alitembea hatua moja nyuma yake, rundo la vipeperushi kifuani. Walipofika, Tutu alivua kofia, akaketi ngazini, akanyoosha miguu. Jua lilikuwa bado juu ya miti. Nohea alisimama, hakujua kama anaruhusiwa kuketi.

"Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi," Tutu alisema. "Kidole kikijikwaa unaumia wewe. Ulimi ukijikwaa anaumia mwingine. Unajua uliniumiza wapi?"

"Niliiga sauti yako."

"Hilo liliniumiza, lakini si sana. Nimeigwa kabla yako." Tutu aligeuza viganja vyake juu. "Yule mwalimu wa zamani aliniambia nisiseme. Wewe umesema mahali pangu nisiyoyasema. Nikiwa nimesimama pale mbele nimeona ni kitu kile kile. Yeye alinifunga mdomo kwa rula, wewe umenifunga kwa uongo."

Nohea alilia. Tutu alimwacha alie mpaka amalize.

"Lakini yeye hakurudi kunifungua. Wewe umerudi, mbele ya watu, na nimeona ilivyokugharimu. Sasa sikiliza, usisahau. Kitu usichokijua, uliza. Ukikosa wa kumwuliza, sema sijui. Hakuna aliyekufa kwa kusema sijui. Na ukisema fulani kasema, hakikisha fulani kasema. Jina la mtu si kofia, kwamba utalivua kichwani mwake ulivae wewe unapolitaka."

"Nisamehe, Tutu." Alilisema kwa Kihawaii. Lilimtoka bila kufikiri.

"Nimekusamehe."

"Lakini bado una hasira?"

"Ninayo." Tutu aliegemea nguzo ya baraza, akafumba macho. "Hasira ni kama lava. Juu imeshaganda, ndani bado ni moto. Usiikanyage leo."

Kwa mara ya kwanza siku ile, Nohea alicheka kidogo huku akifuta kamasi. Akaketi ngazini kando ya bibi yake, ila si karibu sana.